Dawa za kuongeza damu kwa paka na mbwa wenye ugonjwa wa figo: dawa tatu, faida zake na hatari zake

Paka mzee mwenye ugonjwa wa figo huanza kuishiwa damu taratibu, na watu wa nyumbani wasijue. Fizi zilizokuwa za waridi zinapauka. Haruki tena juu ya kochi. Analamba ukuta au anatafuna mchanga wa choo chake, anashinda amejikunja pembeni, na mwenye paka anajisemea kwamba ni uzee. Mara nyingi si uzee. Figo ndizo zinazotengeneza homoni ya erithropoietini, na homoni hiyo ndiyo inayouamrisha uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu. Figo zikichakaa, amri haifiki. Uboho upo na ni mzima, ila umekaa bila kazi.

Kuna dawa tatu zinazorudisha amri hiyo. Mbili ni sindano zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu, epoetini alfa na dabepoetini alfa. Ya tatu, molidustati, ni ya kunywa na imetengenezwa kwa ajili ya paka. Tunazipitia hapa kwa jicho la kliniki ya wanyama ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mahali ambapo umeme hukatika na dawa inafuatwa duka la mbali kwa bodaboda. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kama damu imepungua kwa sababu ya figo, na chembe nyekundu za mnyama zimeshuka chini ya asilimia 20 ya damu yake, dabepoetini ndiyo ya kutafuta kwanza. Epoetini iwe ya kukosa nyingine, kwa sababu tutakayoieleza kwa kirefu. Na kama mbwa wako amepungukiwa damu kwa sababu ya kupe, usinunue hata moja kati ya hizi.

Kwanza hakikisha tatizo ni figo

Tunaanza na hili kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapa. Mbwa wengi wa ukanda wetu wanaopauka fizi wana kupe au wana safura. Kupe huwaambukiza vijidudu vya damu viitwavyo ehrlichia na babesia, minyoo ya safura hunyonya damu kwenye utumbo usiku na mchana, na watoto wa paka wanaweza kumalizwa na viroboto peke yake. Kwa wanyama hao figo zinafanya kazi, na homoni tayari ni nyingi mwilini. Tatizo ni kwamba damu inavuja au inavunjwa kuliko inavyotengenezwa. Kuwadunga homoni zaidi ni kumpigia kelele mtu anayekimbia tayari. Hao wanahitaji antibiotiki ya doksisaiklini, au dawa ya babesia, au dawa ya minyoo, kisha chakula na muda.

Njia ya kutofautisha si ya gharama kubwa. Daktari anajaza mrija mwembamba wa kioo kwa matone mawili ya damu, anauziba upande mmoja, anauzungusha kwenye mashine dakika chache. Ukitoka, damu imejitenga: chembe nyekundu chini, mstari mwembamba mweupe juu yake, kisha maji ya damu. Urefu wa sehemu nyekundu ukiulinganisha na urefu wote ndio hematokriti, ambayo kliniki nyingi huiita PCV tu. Mbwa mzima huwa na asilimia 37 hadi 55 hivi, na paka 30 hadi 45. Watu wengi wanaishia kwenye namba hiyo. Usiishie hapo, yaangalie na yale maji ya juu. Yakiwa ya manjano makali au mekundu, chembe zinavunjwa ndani ya mwili, na hilo si jambo la figo. Mgonjwa wa figo kwa kawaida maji yake huwa meupe, safi.

Baada ya hapo daktari apake damu kwenye kioo, aitie rangi, ahesabu chembe nyekundu changa. Zikiwa nyingi, uboho unajitahidi na damu inapotelea mahali pengine. Zikiwa chache mno, huku kriatinini, taka ya damu ambayo figo huiondoa, ikiwa juu na mkojo ukiwa mwepesi kama maji, hapo ndipo dawa tunazozizungumzia zinapoingia. Paka apimwe pia virusi vya leukemia, kwa kuwa navyo huunyamazisha uboho.

Jambo moja huwadanganya hata wazoefu. Mgonjwa wa figo hukaukiwa maji, na damu iliyokauka husoma juu kuliko ukweli. Paka anaingia kliniki na asilimia 26, anatundikiwa dripu, kesho yake anasoma 18. Hakupoteza damu usiku ule. Ile 26 haikuwa ya kweli. Kwa hiyo namba ya kuanzia matibabu ichukuliwe baada ya maji kurudi mwilini.

Na kama mnyama amefika asilimia 12 au 13, anahema haraka na hawezi kusimama, sindano hizi hazitamwokoa leo. Uboho unahitaji wiki mbili hadi nne kuonyesha kitu. Huyo anahitaji kuongezewa damu, na paka asiongezewe damu bila kundi lake kujulikana, maana paka huzaliwa na kingamwili dhidi ya kundi lisilo lake na anaweza kufa mezani.

Epoetini: rahisi kupata, ngumu kuiamini

Hii ndiyo ya zamani. Marekani iliiruhusu kwa binadamu mwaka 1989 kwa jina la Epogen. Kwa kuwa wagonjwa wanaosafishwa damu hospitalini huitumia kila wiki, ni rahisi zaidi kuipata kwenye maduka ya dawa yanayowahudumia, ikiwa ni ya chapa ya Eprex au nakala zake. Kipimo cha paka na mbwa ni uniti 100 kwa kila kilo ya uzito, chini ya ngozi, mara tatu kwa wiki. Paka wa kilo 4 anahitaji uniti 400. Kwenye bomba lenye uniti 2,000 ndani ya nusu mililita, hiyo ni 0.1 ml, yaani mistari 10 ya bomba la insulini la U-100. Damu ikifika kiwango kinachotakiwa, sindano zinapunguzwa kuwa mbili au moja kwa wiki.

Inafanya kazi, na inafanya kazi haraka, na hapo ndipo inapowanasa watu. Homoni hii ni ya binadamu. Inafanana sana na ya mbwa na paka, lakini haifanani yote. Mwili wa mnyama unaweza kuitambua kama mgeni na kuitengenezea kingamwili. Lingekuwa jambo dogo kama kingamwili hizo zingeishia kwenye dawa. Haziishii hapo. Zinashambulia hata ile homoni kidogo ambayo figo za mnyama mwenyewe zilikuwa bado zinaitoa. Uboho unasimama kabisa, na mnyama anakuwa na hali mbaya kuliko kabla hujamgusa. Kati ya wanyama wanne wanaodungwa epoetini kwa muda mrefu, mmoja au zaidi hufikia hapo, kwa kawaida baada ya mwezi mmoja hadi miezi kadhaa.

Inavyotokea ni hivi. Paka alikuwa 18. Wiki ya tatu amefika 24, wiki ya tano 29, anakula, anaruka, nyumba nzima ina furaha. Wiki ya nane amesoma 26, wiki ya tisa 23, na dozi ni ileile. Kosa linalofanywa na wengi ni kuongeza dozi. Hapo unazilisha kingamwili. Hesabu yenyewe inaeleza: chembe nyekundu ya paka huishi siku 70 hivi, kwa hiyo uboho ukisimama kabisa, paka mwenye asilimia 30 atakuwa karibu na 21 baada ya wiki tatu tu. Mbwa hushuka polepole zaidi, kwa sababu chembe yake huishi siku 110 au zaidi.

Hematokriti ikianza kushuka wakati sindano zinaendelea, simamisha sindano siku hiyohiyo, kisha tafuta sababu. Tazama kama kuna kinyesi cheusi, maana wagonjwa wa figo hutokwa damu tumboni. Tazama kama chembe ni ndogo na zilizopauka, dalili ya madini ya chuma kuisha. Tazama kama dawa iliganda kwenye friji. Ukikosa yote hayo, na chembe changa hazionekani kabisa kwenye kioo huku chembe nyeupe na sahani za damu, zile za kugandisha damu, zikiwa sawa, basi ni kingamwili. Kuhamia dabepoetini wakati huo hakusaidii, kwa sababu kingamwili zilezile huishika na hiyo. Kinachobaki ni kuongezewa damu na kusubiri wiki au miezi kingamwili zipungue, na si kila mnyama anafika.

Kwa sababu hiyo hatuipendekezi epoetini kwa mnyama ambaye bado ana asilimia 24 au 25 na anakula vizuri. Kumhatarishia homoni yake mwenyewe kwa faida ndogo hivyo si haki kwake.

Dabepoetini: ndiyo tunayoiamini

Dabepoetini iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 kwa jina la Aranesp. Kimsingi ni homoni ileile iliyoongezewa minyororo miwili ya sukari, ikawa na mitano badala ya mitatu. Sukari hizo zinaifanya ikae mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana sindano inakuwa moja kwa wiki badala ya tatu. Na kwa paka na mbwa, uboho kusimama kwa ajili ya kingamwili huonekana mara chache zaidi, chini ya mmoja kati ya kumi. Hatari haijafutika, lakini tofauti hiyo peke yake inatosha kulipia bei yake kubwa.

Kipimo cha kuanzia ni maikrogramu 1 kwa kila kilo, chini ya ngozi, mara moja kwa wiki. Paka wa kilo 4 anapata maikrogramu 4. Mbwa wa kilo 15 anapata 15. Tafadhali soma vizuri hapa, kwa kuwa makosa ya kuua hutokea hapa. Epoetini hupimwa kwa uniti, dabepoetini hupimwa kwa maikrogramu, na maikrogramu 1 ya dabepoetini ni sawa na uniti 200 hivi za epoetini. Anayechanganya vipimo hivi viwili hakosei kidogo. Cheti kiandikwe neno zima, "maikrogramu", si kifupisho kinachoweza kusomwa miligramu.

Sasa chukua bomba la insulini la U-100 mkononi. Kila mstari ni 0.01 ml. Kichupa chenye maikrogramu 25 kwa mililita kinampa paka wa kilo 4 dozi ya 0.16 ml, mistari 16, na mkono ukikosea mstari mmoja si neno. Lakini dukani unaweza kupewa bomba lililojazwa kiwandani, maikrogramu 40 ndani ya 0.4 ml. Hiyo ni maikrogramu 100 kwa mililita, na dozi ya paka yuleyule inakuwa 0.04 ml, mistari 4 tu. Ukikosea mstari mmoja hapo umekosea robo ya dozi, na povu dogo la hewa linaweza kuwa mstari mzima. Kwa paka, tafuta dawa hafifu kuliko zote, na kiwe kichupa badala ya bomba lililojazwa. Lile bomba la kiwandani limetengenezwa limalize dozi ya mtu mzima kwa mara moja. Kusukuma kwa kukadiria kwa macho ni kubahatisha. Usiongeze maji wala dripu ndani ya dawa ili ipimike kirahisi.

Kichupa hiki hakina kihifadhi. Kimekusudiwa kifunguliwe mara moja na kinachobaki kitupwe. Paka anatumia maikrogramu 4 kati ya 25, na kutupa 21 kunauma. Ndiyo maana watu hukirudisha friji na kukitoboa tena wiki baada ya wiki mpaka kinachafuka. Kuna njia bora: kliniki ichague siku moja ya wiki, wagonjwa wote wa sindano hii waje asubuhi ileile, kichupa kifunguliwe mara moja, na gharama igawanywe. Paka watano au sita wanamalizana na kichupa kimoja. Kama daktari wako hana utaratibu huo, mwombe auanzishe. Wenye paka wagonjwa wa figo ni wengi kuliko anavyodhani.

Dawa inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, ndani ya boksi lake ili mwanga usiifikie. Isitikiswe, kwa sababu ni protini na kutikiswa huiharibu bila kuonyesha dalili. Isikae mlangoni mwa friji, wala chini ya sehemu ya barafu. Iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka na kuwa safi kama maji. Ukiagiza kwa bodaboda, ifungwe kwenye kitambaa ndani ya kiboksi cha baridi, isigusane na barafu moja kwa moja. Tumeona lawama nyingi zikitupiwa dawa hii kwamba "haifanyi kazi", wakati ilikufa njiani kabla ya kufika kliniki.

Lengo si kumrudisha mnyama kwenye damu ya ujana. Paka akifika asilimia 25 hadi 30, mbwa 30 hadi 35, inatosha. Atakula, atatembea, atajilamba manyoya. Akifika hapo, sindano iende kila wiki mbili, kisha kila wiki tatu kama anabaki palepale. Ni bora kurefusha siku kati ya sindano kuliko kuipunguza dozi yenyewe. Akivuka 35, paka asidungwe tena mpaka ashuke. Kama wiki nne zimepita bila namba kupanda, dozi iongezwe kwa robo, lakini kwanza daktari atafute meno yaliyooza, maambukizi ya mkojo na upungufu wa chuma, kwa sababu uvimbe na usaha mwilini huuziba uboho masikio.

Hematokriti ipimwe kila wiki mpaka itulie, halafu kila mwezi. Kwa ule mrija mwembamba, matone mawili yanatosha. Paka wa kilo 3 ana damu yote mililita 180 hivi. Kumtoa mililita 5 kila wiki kwa vipimo visivyohitajika ni kuchota kwenye mtungi unaojitahidi kuujaza. Na tunasema wazi, ingawa litawauma wengine: asiyeweza kulipia kipimo cha kila wiki asianze sindano hizi.

Chuma na presha, mambo mawili yanayosahauliwa

Uboho ukiamshwa ghafla hutumia chuma kwa kasi kubwa, na akiba ya mnyama mgonjwa asiyekula ni ndogo. Bila chuma, dawa ya bei kubwa inakuwa kama fundi aliyeletwa kwenye kiwanja kisicho na saruji. Chuma cha kunywa humsumbua paka tumbo na wengi hukikataa, kwa hiyo kinachotumika ni chuma deksitrani ya sindano, miligramu 50 kwa paka, ndani ya msuli, siku ya kuanza na kila baada ya wiki tatu au nne. Mbwa hupata kati ya 50 na 300 kulingana na ukubwa wake.

Chuma hicho kipo kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, kwa sababu wafugaji wa nguruwe huwadunga watoto wa nguruwe. Soma lebo. Kuna chupa za miligramu 100 kwa mililita na kuna za 200. Paka yuleyule anapata nusu mililita ya chupa ya kwanza na robo mililita ya ya pili. Sindano inauma, na baadhi ya wanyama huvimba uso au kuishiwa pumzi dakika chache baadaye, kwa hiyo idungwe kliniki na mnyama akae hapo nusu saa. Usimdunge nyumbani.

Presha nayo. Wagonjwa wengi wa figo tayari wana presha ya juu, na damu ikiongezeka inapanda zaidi. Ipimwe kabla ya sindano ya kwanza, na kila anapokuja kupimwa damu. Ikikaa juu ya 160 atibiwe. Ikivuka 180 sindano isubiri. Dawa ya kawaida kwa paka ni amlodipini, miligramu 0.625 kwa siku, ambayo ni sehemu ya nane ya kidonge cha binadamu cha miligramu 5. Kuigawa kwa kisu mara nane hakuwezekani kwa usawa. Tafuta kidonge cha 2.5 ukigawe mara nne kwa kikatio cha vidonge. Paka akianza kugonga viti, mboni za macho zikiwa zimepanuka hata juani, huenda retina, utando wa nyuma ya jicho, imebanduka kwa presha. Mpeleke siku hiyohiyo, usisubiri miadi. Degedege nayo ni dalili ya hatari ileile.

Wala tusidanganyane: dawa hizi haziponyi figo. Kudhibiti fosforasi, chakula cha figo, maji na dawa za kichefuchefu vinaendelea kama kawaida.

Molidustati: ya kunywa, kwa paka tu

Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa molidustati, kwa jina la Varenzin-CA1, kibali cha masharti kwa paka wenye upungufu wa damu unaotokana na figo. Kibali cha masharti maana yake usalama umeonyeshwa, na kuna sababu za kutosha kuamini inafanya kazi, huku ushahidi kamili wa ufanisi ukiendelea kukusanywa. Hii haileti homoni kutoka nje. Inazuia kuvunjwa kwa ile protini inayoujulisha mwili kwamba oksijeni imepungua, na mwili unatoa homoni yake wenyewe. Kwa kuwa hakuna protini ya binadamu inayoingia, ile balaa ya kingamwili haipo. Kwa paka hilo ni jambo kubwa sana, na ndilo linalotufanya tuitamani ipatikane madukani kwetu. Kwa sasa daktari hana budi kuiagiza kutoka nje, na gharama ya kusafirisha inaweza kuipita dawa yenyewe.

Ni maji yenye miligramu 25 kwa mililita. Kipimo ni miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, sawa na 0.2 ml kwa kila kilo; paka wa kilo 4 anakunywa 0.8 ml. Hii, tofauti na zile sindano, chupa yake inatikiswa vizuri kabla ya kupima. Anapewa kwa siku 28 mfululizo, kisha anapumzishwa angalau siku 7, na anarudishiwa tu hematokriti ikianza kushuka tena. Kutapika ndiyo kero ya kawaida. Akitapika baada ya kumeza, usimrudishie dozi siku hiyo. Dawa za kufunga fosforasi na virutubisho vyenye chuma visipewe pamoja nayo kwa wakati mmoja, kwani vinaweza kuizuia isinyonywe. Vaa glavu, unawe mikono. Paka aliyewahi kuziba mshipa kwa damu iliyoganda, yule ambaye miguu ya nyuma hupooza na kuwa ya baridi ghafla, asipewe kabisa. Mbwa pia haimhusu, haikuruhusiwa kwake.

Udhaifu wake mkubwa unatokana na urahisi wake. Sindano inamlazimisha mwenye paka kufika kliniki, na akifika anapimiwa. Dawa ya kunywa inakaa kabatini, inatolewa kila asubuhi, na damu inaweza kupita kiwango bila mtu kujua, maana damu iliyozidi haionekani kwa nje mpaka imeganda mahali. Siku ya 14 mpeleke akapimwe, na kila wiki baada ya hapo, hata kama anakula vizuri na amesharudi kuruka juu ya kochi.